Kimya cha Waliobaki



Kampuni ya mafuta inapotangaza kwamba imepunguza wafanyakazi, sisi wa redio huuliza swali moja: wangapi? Tukishapewa idadi tunaisoma, tunaingia kwenye habari za michezo. Mwaka 2025 tulizisoma nyingi. Chevron ilisema kufikia mwisho wa 2026 itakuwa imepunguza kati ya asilimia 15 na 20 ya watu wake duniani. BP ilitaja nafasi 4,700 za waajiriwa wake na nyingine 3,000 za wakandarasi. ConocoPhillips ikasema kati ya asilimia 20 na 25, na ExxonMobil ikataja watu wapatao 2,000. Aliyesikia idadi hizo akiwa na ndugu Houston, Aberdeen au kwenye visima vya Ghuba, alijua kwamba nyuma ya kila namba kuna nyumba, kuna karo, kuna mtu ameketi na barua mkononi asijue amwambieje mkewe.

Hao walioondoka wanastahili kipindi chao, na nitakifanya. Jioni ya leo nataka tumwangalie mwenzao aliyebaki, yule ambaye jina lake halikuwamo kwenye orodha. Jumatatu anaingia zamu kama kawaida. Kiti cha jirani yake kitupu, kikombe chake cha chai bado kiko dirishani, na juu ya meza yake yeye yameongezwa mafaili ya yule aliyekwenda. Watu wanamwambia, shukuru Mungu, umeponea. Naye anashukuru, tena kwa dhati. Lakini kuna kitu kimemtoka, na penye mafuta na gesi, kitu hicho kikimtoka mtu kinaweza kuua.

Habari hii naijua kwa sababu niliwahi kuwa mmoja wa waliobaki.

Kabla sijaingia kazi ya redio nilikuwa mtunza stoo katika kampuni moja ndogo ya kuhifadhi mafuta hapa pwani. Barua zilitoka siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Zilikuwa 13. Meneja alikuwa amesafiri. Aliyezigawa ni karani wa masjala, kijana wa watu, mikono ikimtetemeka, maana naye hakujua kama ya kwake imo chini ya bunda lile. Mmoja wa waliopewa alikuwa fundi wa pampu, mtu mzima, sote tukimwamkia shikamoo. Vyeti hakuwa navyo vingi. Alikuwa na mkono. Kila asubuhi alipita kwenye pampu, akaweka kiganja juu ya moja baada ya nyingine kama mama anavyompima mtoto homa, akatega sikio, akasonga mbele. Siku nyingine alisimama. Akisimama yeye, msimamizi naye alisimama, na pampu hiyo ikazimwa hadi iangaliwe. Katika karatasi za ofisi kazi ile ya kiganja haikuandikwa popote. Kwa hiyo alipoondolewa, hakuna mkubwa aliyejua kwamba kuna kazi imeondoka pamoja naye.

Nitamrudia fundi huyu.

Wataalamu wameichunguza hali ya wanaobaki kwa miaka mingi. Mmarekani David Noer aliitolea kitabu mwaka 1993, akaieleza kama maradhi yanayowapata walionusurika. Dalili zake anazijua kila aliyepitia. Kuna hofu, bila shaka. Kuna hasira isiyo na pa kwenda. Kuna haya mbele ya walioondoka: unamwona mwenzako wa jana Kongowea sokoni, unabadili njia, na hamjagombana, ila wewe una mshahara na yeye hana. Kisha mtu anaacha kujitolea. Anafanya lililoandikwa, akimaliza anavaa viatu. Na juu ya yote, ananyamaza.

Kunyamaza huku ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko mengine yote, kwa kuwa wakubwa hukusoma vibaya. Meneja anapita kwenye mitambo, hasikii lalamiko. Watu wameinama, wanawahi kufika, wanachelewa kuondoka. Anaandika kwenye ripoti yake kwamba hali ni shwari. Kumbe wanawahi kwa sababu wanaogopa kuonekana hawapo, na wanachelewa kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushika mlango. Wakati huohuo wale wenye ujuzi, ambao wakigonga pengine watafunguliwa, wanagonga. Mwaka 2008 watafiti wawili, Charlie Trevor na Anthony Nyberg, walionyesha kwamba kampuni ikipunguza hata asilimia 1 tu ya watu wake, wanaoacha kazi kwa hiari mwaka unaofuata huongezeka kwa takriban asilimia 31. Yaani kampuni inachagua nani aende, halafu wale iliowachagua wabaki nao wanajichagulia.

Sekta ya mafuta huyapitia haya mara nyingi kwa sababu ya bei. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ya Brent lilikuwa juu ya dola 110. Januari 2016 likawa chini ya dola 30. Aprili 2020, siku za korona, kulikuwa na siku moja ambapo mkataba wa mafuta ya Marekani, WTI, ulishuka chini ya sifuri: mwenye mafuta alikuwa radhi amlipe mtu ili ayachukue. Mwaka huo BP ilitangaza kupunguza watu 10,000, na Schlumberger, wanaotoa huduma kwenye visima, zaidi ya 20,000. Deni la benki halipunguziki kwa barua, wala mtambo uliokwisha kujengwa. Mtu anapunguzika. Bei ikipanda tena mafundi wanatafutwa, na wakubwa wanashangaa kwamba hawarudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa msikilizaji, naomba unifuate hadi Texas City. Ni mji mdogo kando ya Ghuba ya Galveston, kusini mashariki mwa Houston. Pana kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho wakati ninaouzungumzia kilikuwa cha tatu kwa ukubwa Marekani. Kilikuwa mali ya Amoco hadi mwisho wa 1998, Amoco ilipoungana na BP. Mwaka uliofuata likashuka agizo kutoka juu: gharama za kudumu zipunguzwe kwa asilimia 25.

Asilimia 25 ni namba fupi kuitamka. Tuione ilivyotembea ndani ya kiwanda. Kwenye chumba cha kuongozea mitambo, mahali palipokuwa na waendesha mitambo wawili wakitazama vioo, akabaki mmoja. Baadaye mtu huyo mmoja akawa anasimamia vitengo vitatu kwa pamoja. Idara ya mafunzo ilikuwa na watu 28, wakabaki 8, na bajeti ya mafunzo ikapungua kwa nusu kati ya 1998 na 2004. Kijana aliyekuwa akifundishwa na mtu akawekwa mbele ya kompyuta ajisomee. Wakuu wa kiwanda nao walipishana mlangoni: watano katika muda wa miaka sita hivi. Kila mmoja alikuja na mpango wake, na kabla hajayajua majina ya watu wa zamu, ameshahamishwa.

Ukiwa mfanyakazi wa pale, unaelewa nini? Unaelewa kwamba anayekusimamia hatakuwapo siku matokeo ya uamuzi wake yakifika. Wewe utakuwapo.

Mmoja wa wakuu hao, Don Parus, aliyaona. Nampa heshima yake, kwa sababu hata kuyaona hayo ni kazi. Aliwahesabu waliokufa katika kiwanda kile kwa miaka 30 iliyotangulia, akapata 23. Mwisho wa 2004 aliwaonyesha wakubwa zake picha za watu hao, akawaambia waziwazi kwamba Texas City si mahali salama pa kufanya kazi. Tena aliita washauri wa nje, kampuni ya Telos, wawahoji wafanyakazi. Zaidi ya elfu moja walijibu. Ripoti ikatoka Januari 2005. Wahojiwa walisema wanaishi na hofu kubwa ya kutokea janga. Walisema watu hawatoshi. Walisema kinachosifiwa na kutuzwa kabla ya kingine chochote ni uzalishaji na kukaa ndani ya bajeti.

Hebu fikiria, watu waliokuwa wamenyamaza miaka yote hiyo wamepata pa kusemea, na wamesema. Mkuu wa kiwanda amesikia. Lakini juu yake palikuwa na mwingine, na juu ya huyo, mwingine, hadi makao makuu London, na kutoka huko juu lilikuwa limekwisha kuja ombi la kutafuta punguzo jingine la asilimia 25 kwa bajeti ya 2005. Hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vingi vya uongozi, vinavyomzungumzia meneja kana kwamba anasimama peke yake. Usikivu wa meneja mmoja ni kipande tu cha bomba refu: likitoboka sehemu nyingine, maji hayafiki, hata kama pale ulipo wewe bomba ni zima.

Miezi miwili baada ya ripoti ile, tarehe 23 Machi 2005, kitengo kimoja kilikuwa kinawashwa baada ya matengenezo. Kina mnara wa mita 52 hivi. Mafuta ndani yake hutakiwa kusimama chini kabisa, kama mita 2 kutoka kitako. Usiku zamu moja ilianza kuujaza, asubuhi nyingine ikapokea. Katika daftari la zamu, maelezo ya kazi yote ya usiku kuhusu kitengo hicho yalikuwa mstari mmoja, tena usioeleweka. Mwendesha mitambo aliyepokea alikuwa amefanya kazi saa 12 kwa siku, siku 29 mfululizo. Msimamizi wake alipatwa na dharura ya kifamilia, akaondoka asubuhi ile, na hakuna mzoefu aliyewekwa mahali pake. Kipimo cha kina kiliweza kusoma sehemu ya chini ya mnara tu, na hata hapo kilikosea: kiliashiria kwamba mafuta yanashuka, kumbe yanapanda. King'ora cha juu hakikulia. Vipimo vile vilikuwa na kasoro zinazojulikana, na kazi ya kuvikagua kabla ya kuwasha ilikatizwa, ikasemwa muda hautoshi.

Mafuta yalipanda hadi karibu mita 48. Vali za dharura zikafunguka, yakakimbilia kwenye pipa la zamani lenye dohani iliyo wazi, lisilo na mwenge wa kuchomea gesi. Saa saba na dakika 20 mchana yakafoka juu ya dohani kama chemchemi, mvuke ukatanda chini. Palikuwa na pikapu ya dizeli, injini yake ikinguruma. Moto ukashika.

Walikufa watu 15, wakajeruhiwa 180. Wote waliokufa walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, ndani na kando ya ofisi za muda zilizoegeshwa karibu na kitengo kile. Walikuwa na kazi yao nyingine kabisa. Walikuwa wametoka kula chakula cha mchana cha kusherehekea rekodi nzuri ya usalama.

Mara ya kwanza kusoma ripoti ya bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, niliiweka chini nilipofika kwenye ule mstari mmoja wa daftari. Nimelala nao siku nyingi. Mtu mwenye moyo wa kazi haandiki mstari mmoja. Anaandika: tumejaza hadi hapa, vali ile tumeifunga, kipimo kile msikiamini, usiku kimetuchezea. Anaandika hivyo kwa sababu anamwona aliye upande wa pili wa daftari, anajua jina lake. Moyo ukishatoka, mkono unaandika kinachotosha kutia sahihi. Sisemi hivi kumlaumu aliyeandika. Simjui, wala sijui usiku ule alikuwa na uchovu gani. Nasema daftari ni mahali ambapo ari ya kazi, kitu tunachokiona kama hewa, inageuka kuwa wino.

Bodi ile iligundua pia kwamba tangu 2000 mnara ule ulikuwa umejazwa kupita kiasi mara nyingi wakati wa kuwashwa, na mara hizo hazikuchunguzwa. Yaani watu waliona. Waliona, mnara haukulipuka, wakakabidhiana zamu, wakaenda nyumbani. Baada ya mlipuko, waliolaumiwa mwanzo hadharani walikuwa watu wa chini: waendesha mitambo na wasimamizi wao. Ilichukua muda hadi macho yapandishwe juu. Jopo lililoongozwa na James Baker, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, lilitoa ripoti yake Januari 2007. Lilisema kampuni ilihesabu mikono iliyokatwa na miguu iliyoteguka, hesabu ikashuka, ikadhani iko salama, ilhali usalama wa mitambo yenyewe ulikuwa umesahauliwa. Bodi ya uchunguzi nayo ilipendekeza jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa: kwamba kupunguza watu, kuunganisha vitengo au kubadilisha uongozi kukaguliwe kwa hatari zake kama vile kubadilisha bomba. Hakuna mhandisi anayeng'oa vali bila kuandika itakuwaje isipokuwapo. Mtu anang'olewa kwa barua ya aya tatu.

Na haikuwa elimu mpya. Huko Uingereza, mamlaka ya afya na usalama kazini ilikuwa imekwisha kutoa mwongozo mwaka 2003 kuhusu jinsi ya kufanya mabadiliko ya watu mahali penye hatari ya ajali kubwa. Ilikuwa miaka miwili kabla ya Texas City.

Huku kwetu sheria ipo. Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, amwarifu afisa wa kazi, achague wa kuondoka kwa kuangalia miaka ya utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane kabla ya kupunguza. Ni sheria nzuri, watu walizipigania. Ukizisoma kwa makini utaona zote zinamtazama anayeondoka. Kuhusu kazi inayobaki, nani ataifanya, kwa saa ngapi, kwa ujuzi upi, hazisemi neno. Pengo hilo linaachiwa busara ya meneja.

Meneja mwenye busara anaanza kabla ya barua. Anakwenda kwenye zamu, saa nane za usiku ikibidi, anauliza: wewe hapa unafanya nini ambacho ofisini hawakijui? Anayaandika majibu. Angekuja kwetu angeandika: mzee huyu huzipima pampu kwa kiganja. Kisha anachukua kalamu nyekundu, anasema, nafasi hii ikifa, kazi hii na hii zinakufa nayo, hatutazifanya tena. Na hii haiwezi kufa, kwa hiyo inakwenda kwa fulani, na fulani anaondolewa kazi ile nyingine. Akishindwa kuipata hata kazi moja ya kuacha, basi hakupunguza gharama, amewabebesha waliobaki mzigo na kuuita akiba. Najua wako mameneja wanaonisikiliza ambao wamepewa namba na makao makuu, wakaambiwa hadi Ijumaa. Nawaonea huruma kwa kweli. Lakini hata aliyepewa namba anaweza kurudisha karatasi juu ikiwa na orodha ya yale yatakayoacha kufanywa, na sahihi ya mkubwa chini yake. Namba ikishaandikiwa matokeo yake, mara nyingine hubadilika.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloamua mengine. Karibu kila kampuni kubwa ya mafuta humpa mfanyakazi haki ya kusimamisha kazi. Nyingine humpa kadi ya kuweka mfukoni, iliyotiwa sahihi na mkurugenzi: ukiona hatari, simamisha, hakuna atakayekuuliza. Ni jambo zuri sana. Swali ni siku gani mtu ataitoa kadi hiyo. Baada ya barua kugawiwa, kiwanda kizima kinamngojea mtu wa kwanza atakayesema hapana. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini macho yote yako kwake. Akishukuriwa, akiitwa mbele ya wenzake akaambiwa umefanya vyema, hata kama hofu yake haikuwa na msingi na uzalishaji umepotea saa tatu, basi kadi zote zimepata uhai. Akijibiwa vibaya, zinakuwa karatasi.

Kwetu wa kwanza alikuwa dereva wa lori la mafuta. Wiki tatu baada ya barua alikataa kutoka, akasema breki hazimridhishi. Meneja, ambaye sasa alikuwa amerudi safarini, alimuuliza mbele yetu swali moja: wewe kazi unaitaka au huitaki? Dereva akawasha gari. Siku hiyo hakukutokea ajali, alhamdulillahi. Lakini sisi wote tuliokuwa uani tulipata waraka wetu, bila karatasi.

Nikiutazama mradi wa mafuta wa Turkana huwa nayawaza haya. Kisima cha Ngamia 1 kilitoa mafuta Machi 2012. Agosti 2019 shehena ya kwanza ilisafirishwa kutoka Mombasa, mafuta yaliyoletwa kwa malori kutoka Lokichar hadi kwenye matangi ya Changamwe, kwenye kiwanda chetu ambacho chenyewe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Desemba hiyohiyo, huko London, mkuu wa Tullow, kampuni iliyokuwa ikiuendesha mradi huo, alijiuzulu na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 70 ndani ya siku moja. Mwaka 2020 kampuni ikapunguza takriban theluthi ya wafanyakazi wake, mpango wa malori ya Lokichar ukafikia mwisho, na kijana aliyekuwa amejifunza kazi kwa miaka akajikuta nyumbani. Mwaka 2025 Tullow iliuza mradi huo kwa Gulf Energy. Watakaoajiriwa sasa, baadhi yao watakuwa haohao walioachwa. Watarudi na ujuzi wao. Kama watarudi na sauti zao, itategemea watakayemkuta ofisini, na jinsi atakavyompokea wa kwanza miongoni mwao atakayekuja na habari mbaya.

Nilisema nitamrudia fundi wa pampu.

Miezi miwili hivi baada ya kuondoka kwake, pampu mojawapo ilianza kulia. Stoo yangu ilikuwa nyuma ya banda la pampu, kwa hiyo nilipita hapo kila asubuhi. Siku ya kwanza ulikuwa mlio mwembamba. Siku ya pili ukazidi, na ndani yake mna mkwaruzo. Nilisimama. Nikamkumbuka dereva, nikaendelea na safari yangu. Siku ya tatu na ya nne nilipita upande wa pili wa banda. Siku ya tano pampu ilishika moto, na kijana mmoja wa kibarua akaungua mkono kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Alikuja mchunguzi, akatukusanya chumbani watu 11, akatuuliza kwa upole kabisa: hakuna aliyesikia kitu? Sote tuliangalia sakafu. Sijui wangapi kati yetu walikuwa wamesikia.

Miaka mingi baadaye nilimkuta fundi kwenye feri ya Likoni, ameshikilia mfuko wa mboga. Nikamwamkia, tukaongea habari za watoto, kisha nikamweleza yote, na siku zile nne. Hakunilaumu. Aliniuliza, "Ilikuwa ikilia vipi?" Nikamwigizia kwa mdomo, pale pale katikati ya watu. Alitega sikio, ameinamisha kichwa kama zamani.

"Hiyo beringi," akasema, "upande wa mota. Kazi ya asubuhi moja."